Kuezua na kupaua upya Dar es Salaam: vidokezo 12 vya kulinda mfuko wako

Mwenye nyumba wa Dodoma na mwenye nyumba wa Kigamboni wanaweza kununua bati lile lile, duka moja, siku moja, na bado paa la Kigamboni likachoka kwanza. Chumvi ya bahari haipumziki. Ndiyo maana hesabu ya kubadilisha paa Dar es Salaam haiishii kwenye bei ya bati. Swali kubwa ni moja: paa hilo litakaa miaka mingapi kabla hujamwita fundi tena? Vidokezo hivi vimelenga Dar, lakini aliye Tanga, Mtwara, Unguja au Mombasa atajiona humu humu.

1. Anza na ngazi, duka lifuate

Kabla ya kuulizia bei, jua paa lako linaumwa wapi. Watu wengi huangalia juu, kumbe kutu ya pwani hupenda kuanzia chini ya upenu. Juu ya paa mvua huosha chumvi. Chini ya upenu mvua haifiki, kwa hiyo chumvi hubaki, hunyonya unyevu wa usiku na kula bati taratibu. Pitisha kidole pale: ukiona ungaunga mweupe au wekundu wa kutu, umepata jibu la kwanza.

Kisha panda darini mchana ukiwa na tochi na bisibisi. Zima tochi utafute vitundu vinavyopitisha mwanga. Iwashe tena, uchomeke bisibisi kwenye mbao za kenchi, hasa zile zinazokaa juu ya ukuta. Ikizama bila kubisha, mbao imeoza au imeliwa na mchwa. Ukishuka utajua kama tatizo ni skrubu tu, upande mmoja wa paa, bati zote, au bati pamoja na kenchi. Hizo ni bei nne tofauti kabisa. Mara nyingi upande unaopigwa na upepo wa bahari ndio unaotangulia kufa; kama wa pili bado mzima, badilisha mmoja.

2. Pima paa, usipime sakafu

Fundi akikadiria kwa macho, kosa lake unalilipia wewe. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12 yenye upenu wa sentimita 60 kila upande. Ukiitazama kutoka juu, paa linafunika mita 11.2 kwa 13.2, yaani kama mita za mraba 148. Lakini paa lina mteremko. Kwa mteremko wa nyuzi 20 utahitaji kufunika mita za mraba 157 hivi. Kwa nyuzi 30 zinafika 171. Kwa nyuzi 45 ni 209. Vyumba ni vile vile, ila kutoka nyuzi 20 hadi 45 bati limeongezeka kwa theluthi, na mbao zimefuata. Kama unabadilisha kenchi pia, hapa ndipo penye nafasi kubwa ya kuokoa fedha. Lakini usilaze paa kupita kiasi: muulize muuzaji mteremko wa chini kabisa unaokubalika kwa aina ya bati unalonunua.

3. Mita ya dukani si mita ya mraba

Bati refu la kukatwa kwa kipimo huuzwa kwa mita ya urefu. Upana wake hupungua linapofungwa, kwa sababu kila bati hulalia jirani yake. Uliza upana unaofunika. Ukiwa sentimita 75, paa letu la mita za mraba 157 litataka mita 210 hivi za bati, bila kuhesabu vipande vitakavyopotea kwenye kukata. Maana yake, kila tofauti ya shilingi 1,000 kwa mita ni shilingi 210,000 mfukoni mwako. Pia usilinganishe bei za mita za maduka mawili kabla ya kulinganisha upana wa bati zao.

4. Geji ikipanda, bati linapungua

Bado wapo wanaoamini geji 32 ni nene kuliko geji 28. Ni kinyume. Kwa kawaida geji 32 ni kama milimita 0.25, geji 30 ni kama 0.3, na geji 28 hukaribia 0.4. Kwa kuwa unene halisi hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, omba uandikwe kwa milimita kwenye ankara, na hakikisha bati lina alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Bati jembamba hubonyea fundi anapolikanyaga, na penye bonyeo maji hutuama.

5. Uliza mpako kabla ya rangi

Rangi ndiyo inayovutia macho, lakini kinachopambana na chumvi ni mpako ulio chini yake. Bati la kawaida hupakwa zinki. Lile la alumini na zinki, ambalo kwa kawaida mpako wake una alumini asilimia 55, hustahimili hewa ya bahari kwa muda mrefu zaidi. Kwa Msasani, Kunduchi au Kigamboni ufukweni, nyongeza ya bei yake ina maana. Muulize muuzaji mpako una gramu ngapi kwa mita ya mraba. Anayejua bidhaa yake atakujibu.

Soma pia karatasi ya dhamana hadi mwisho. Dhamana nyingi za bati hupunguza miaka, au hazihusu kabisa nyumba zilizo karibu na bahari. Mwambie muuzaji nyumba iko wapi, na jibu lake liwe kwenye maandishi. Ukichagua rangi, nunua bati zote kwa mkupuo mmoja ili zisitofautiane, na kumbuka kwamba rangi nyepesi hupunguza joto la mchana ndani ya nyumba.

6. Skrubu na kofia ndizo zinazovujisha

Kwenye paa, bati lenyewe ni nadra kuwa la kwanza kuvujisha. Matundu ya misumari, kofia ya juu na bonde la paa, pale pande mbili zinapokutana, ndiyo hutangulia. Usifunge bati la miaka 20 kwa skrubu za miaka mitatu. Chukua skrubu zenye mpako unaolingana na bati na mpira mzuri wa kuzuia maji.

Msimamie fundi anapofunga chache za mwanzo. Skrubu iingie mgongoni mwa bati, isiingie bondeni maji yanapopita. Isimame wima. Mpira ubonyee kidogo tu. Ukiona umetoka pembeni na kupasuka, amekaza mno, na hapo patavuja. Pia aanze kupanga bati kutoka upande unakoelekea upepo wa mvua, ili maungio yaupe upepo mgongo.

7. Grainda ibaki chini

Fundi mwenye haraka hukata bati kwa grainda juu ya paa. Moto wake huunguza mpako pembeni mwa bati, na zile cheche ni chembe za chuma zinazong'ang'ania kwenye rangi na kuota kutu baada ya umande wa siku chache. Andika kwenye makubaliano: bati litakatwa kwa mkasi, na kila jioni paa litafagiwa. Waya wa shaba au bomba la kiyoyozi lisiguse bati, na maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba yasipite juu yake, kwa sababu shaba hula zinki na alumini. Mbao zilizotiwa dawa nazo ziachwe zikauke kabla ya kufunikwa.

8. Ukitamani vigae, ziulize kenchi kwanza

Bati la kawaida halifiki kilo 5 kwa mita ya mraba. Kigae cha saruji hufika kilo 40 na zaidi. Kwa paa letu la mfano, huo ni mzigo unaozidi tani 6 juu ya mbao zilizopangwa kubeba bati. Anayetaka vigae alipe pia kenchi mpya na ushauri wa mhandisi. Kuna bati zenye sura ya kigae na changarawe juu. Ni nyepesi zaidi, na kwa wengi hilo ndilo jibu.

9. Lifunge paa kwenye ukuta

Unguja ilipigwa na kimbunga mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia. Upepo mkali hulinyanyua paa kuanzia kingo na pembe. Paa likiwa wazi, kufunga kila kenchi kwenye linta kwa ukanda wa chuma ni kazi ndogo. Likishafunikwa, ni kubomoa upya. Ongeza skrubu pembezoni, na uzuie upenu usiwe mrefu kuliko mahitaji.

10. Asbesto haibomolewi kwa nyundo

Kama nyumba ni ya zamani na paa ni la vibao vya kijivu, vigumu na vizito vyenye mawimbi, simama kwanza. Huenda ni asbesto. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu, na madhara hujitokeza baada ya miaka mingi. Usivunje, usikate, usifagie pakavu, na usimpe jirani ajengee banda. Ulizia utaratibu kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, na uweke gharama ya kuondoa taka hizo kwenye bajeti tangu mwanzo. Afya ya mafundi na watoto wa nyumba hiyo haina punguzo.

11. Chagua mwezi

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukisubiri paa livuje ndipo uite fundi, utampata wakati kila mtu anamtaka, na utalipia pia dari, magodoro na nyaya za umeme zilizolowa. Juni hadi Septemba ni wakati mzuri: mvua ni chache na jua si kali sana kwa walio juu ya paa. Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ezua sehemu unayoweza kuifunika siku hiyo hiyo, na uwe na turubai karibu kwa sababu kusi huvuma bila hodi.

12. Fedha zitoke kwa mpangilio

Pata makadirio kutoka kwa mafundi watatu, yote kwa orodha moja ya vifaa: bati, kofia, skrubu, mbao, dawa, gata, usafiri, kuezua, na ufundi. Uliza kama bei ina VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, na dai risiti ya EFD. Ndiyo ushahidi wako siku ya kudai dhamana. Mlipe fundi kwa hatua: kenchi zikikamilika, bati zikifungwa, na kiasi kibaki hadi mvua ya kwanza ipite. Tenga akiba kwa ajili ya mbao mbovu zitakazoonekana baada ya kuezua, maana haziachi kuonekana.

Unaponunua kidogo kidogo, anza na mbao; bati ziache mwisho. Bati zilizorundikwa uani miezi mingi huingiwa na unyevu katikati na kuota kutu nyeupe hata kabla ya kupanda juu. Zikilazimika kukaa, ziweke ndani, zilale kwenye mbao na ziinamishwe. Bati kuukuu usiziache ziondoke bure: zilizo nzima hununuliwa kwa mabanda na uzio, zilizobaki huenda kwa chuma chakavu.

Sasa rudi kwenye swali la miaka. Tuseme paa moja linagharimu shilingi milioni 8 na kudumu miaka 8: unalipa milioni 1 kila mwaka. Lingine ni milioni 11 na linadumu miaka 20: unalipa shilingi 550,000 kwa mwaka, na unaepuka kuezua mara ya pili. Fanya hesabu hiyo kwa kila makadirio uliyopewa kabla ya kuchagua. Na paa jipya likishakaa, kila mwaka kabla ya masika osha chini ya upenu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, safisha gata, na kagua skrubu. Ni kazi ya asubuhi moja, na ndiyo itakayolifikisha paa kwenye miaka uliyoilipia.