Kifaranga akipepesuka, nusa kwanza gunia la chakula

Huku Mikindani kifaranga akianza kupepesuka, wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo na kurudi na oksitetrasaiklini. Dawa hiyo hupambana na bakteria. Aliyepungukiwa vitamini haimsaidii kitu. Mimi huanza na gunia la chakula, ndipo namtazama kifaranga anavyoanguka.

Pwani yetu hailei chakula cha kuku. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua na joto huandamana, na pumba huvuta unyevu hata ukifunga mdomo wa gunia. Tena wengi tunachanganya wenyewe: pumba za mahindi, mashudu, dagaa wa kusaga. Dagaa wana mafuta, na mafuta yakichacha huharibu vitamini E iliyomo kwenye mchanganyiko wote. Kifaranga wa wiki mbili hadi nne akila chakula hicho, huumia ile sehemu ya ubongo inayomshikia mizani. Utamkuta ameanguka ubavu, kichwa kimepinda, miguu inapiga kasia hewani. Macho yake yako hai na hamu ya kula anayo, ila mdomo haufiki kwenye chakula.

Kwa hiyo nanusa. Likinuka mafuta makuukuu au ukungu, gunia linatoka bandani, na kuku wakubwa hawapewi pia. Siku hizi nanunua dagaa kidogo kidogo, nasaga wa kutumika karibuni tu, na gunia nalipandisha juu ya mbao lisiguse saruji.

Mgonjwa namtenga, ila namwekea mwenzake mpole mmoja, maana kifaranga akiwa peke yake hulia mpaka achoke. Nampa vitamini za kuchanganya na maji, zenye E na kundi la B, nikichovya ncha ya mdomo wake, matundu ya pua yabaki nje. Chombo hukaa kivulini na maji hubadilishwa kila siku, kwa sababu mwanga huiharibu B2. Hiyo B2 ndiyo inayokosekana ukiona vidole vimekunjwa kwa ndani na kifaranga anatembelea vifundo. Akiwahiwa hunyooka, akicheleweshwa, neva zikishakufa, ndiyo basi.

Aliyetanuka miguu tangu kuanguliwa ana shida nyingine, mara nyingi sakafu inayoteleza. Ondoa magazeti, tandika maranda. Miguu ifunge kwa plasta laini, ikae kwa upana wa kawaida wa kusimama, na uikague kila siku. Ukianza siku za mwanzo, hupona. Lakini kifundo kikivimba na kano ikachomoka mahali pake, mimi simtesi, namchinja.

Chakula hakihusiki na kila kitu. Shingo ikipinda huku kinyesi ni cha kijani na vifo vinafuatana, shuku kideri: usigawe wala kuuza kuku, mwite afisa mifugo. Chanjo ya kideri iitwayo I-2 ni tone moja la jicho, hurudiwa kila miezi mitatu, nayo huvumilia joto kuliko chanjo nyingi. Na kuku aliyekwisha kukua kidogo akilala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, shuku mahepe, ugonjwa usiokuwa na tiba. Chanjo yake hutolewa siku ya kuanguliwa, hivyo ukinunua vifaranga wa chotara muulize muuzaji kabla hujatoa pesa.