Usikariri Elementi 118, Mdogo Wangu

Haya wadogo zangu, barua za safari hii ni mbili. Binti wa Gitega anajiandaa kwa mtihani wa taifa. Elementi 20 za kwanza amezikariri kwa wimbo, ya 21 imemshinda, na sasa anataka kuiacha kemia. Kijana wa Muyinga ana jambo jingine: kaka yake anachimba dhahabu, na kila akirudi nyumbani ana zebaki kwenye kichupa. Je, ina madhara? Nawajibu pamoja, maana majibu yenu yote yako kwenye karatasi moja.

Wewe wa Gitega, huo wimbo uache. Jedwali la elementi halikutungwa ili likaririwe. Mwaka 1869 elementi zilizojulikana zilikuwa 63 hivi, na Dmitri Mendeleev, mwalimu wa chuo kikuu kule Saint Petersburg, alikuwa anaandika kitabu cha wanafunzi wake. Alizipanga kwa uzito wa atomi, akaona kila baada ya hatua kadhaa tabia zinajirudia. Zenye tabia moja akaziweka pamoja. Pale ambapo hakuna elementi iliyofaa hakulazimisha, aliacha pengo na kutabiri kwamba mwenye nafasi yake atakuja. Pengo mojawapo lilikuwa chini ya alumini, na mwaka 1875 Mfaransa mmoja aliipata galiamu, ikaingia palepale. Siku hizi tunapanga kwa namba atomia, yaani idadi ya protoni. Hiyo ni kazi ya Henry Moseley, mwaka 1913.

Kwa hiyo soma kwa kushuka. Zilizo kwenye safu moja ya wima zina elektroni za nje sawa, na elektroni za nje ndizo zinazoamua atomi itashikana na nani. Sodiamu ina moja tu ya nje na inaitoa upesi. Potasiamu iliyo chini yake nayo ni hivyohivyo, ila yenyewe ina pupa zaidi. Ng'ambo ya pili ya jedwali kuna klorini, inayokosa elektroni moja tu. Ipokee ile ya sodiamu, na hiyo ndiyo chumvi unayotia kwenye maharage. Ukiijua vizuri elementi moja ya safu, mtihani ukikuuliza ile ya chini yake hutababaika.

Sasa kwa nini wimbo ulikwama kwenye 21? Hukukosea, mdogo wangu. Hapo utaratibu unabadilika. Kuanzia skandiamu, elektroni mpya haziendi nje, zinaingia kwenye tabaka la ndani, huku nje kukibaki karibu vilevile. Matokeo yake, hata majirani wa pembeni huanza kufanana. Na mfano mzuri uko kwenu. Kuna ukanda wa miamba unaoanzia Kabanga, upande wa Tanzania, ukishuka hadi Musongati, mashariki mwa Burundi. Musongati inajulikana kwa nikeli, namba 28, lakini nikeli haikai peke yake: ipo pamoja na kobalti, 27, na shaba, 29. Katika ukanda huohuo, Mukanda-Buhoro, kuna mwamba wenye chuma, titaniamu na vanadiamu. Tafuta namba zake: 26, 22, 23. Zote ziko mstari mmoja! Atomi za vanadiamu zinakaribiana kwa ukubwa na za chuma, ndiyo maana zinajipenyeza mahali pa chuma ndani ya jiwe.

Shuka chini ya vanadiamu utakuta niobiamu, kisha tantalamu. Hizo mbili ndizo zilizomo kwenye madini ya koltani, na zinafanana kiasi kwamba wanakemia wa karne ya 19 walibishana kwa miaka kama ni kitu kimoja au viwili. Kwa maoni yangu, mwalimu akianza na koltani badala ya wimbo, darasa zima litakaa macho.

Nije Muyinga. Dhahabu ni namba 79, zebaki ni 80. Tofauti ni protoni moja, lakini dhahabu ni metali yabisi isiyoshika kutu na zebaki ni ya majimaji hata bila moto. Dhahabu huyeyukia ndani ya zebaki, ndiyo maana wachimbaji wanaitumia kuokota chembe ndogo kwenye mchanga. Balaa linakuja wanapochoma lile donge. Zebaki inapaa kama mvuke usioonekana wala kunuka, na dhahabu inabaki. Mvuke huo ukivutwa unaharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni anaumia zaidi.

Usidanganywe na safu pia. Juu ya zebaki kuna zinki, ambayo mwili unaihitaji, na katikati yao kuna kadimiamu, ambayo ni sumu. Kadimiamu inaumiza kwa sababu ya ule undugu: mwilini inakaa mahali pa zinki, lakini kazi ya zinki haiwezi.

Basi mwambie kaka yako asichomee zebaki nyumbani, wala jikoni, na kichupa kisikae watoto wanapolala. Kama ni lazima achome, achomee nje, mbali na watu, kwenye chombo kilichofungwa chenye bomba la kuipoza na kuirudisha zebaki. Na kama mikono imeanza kumtetemeka, mpeleke hospitali wiki hii, na daktari aambiwe wazi kuwa ni zebaki.