Ruta Inapomwamini Kila Jirani

Mwananchi akilipa ada ya soko kwa simu, ujumbe wake hupita kwenye ruta kadhaa, kila moja ikifuata njia iliyotajiwa na jirani yake. Kampuni za intaneti hutajiana njia kwa itifaki iitwayo BGP, ambayo ilibuniwa bila kuuliza kama anayetangaza njia ana haki ya kuitangaza.

Tarehe 24 Februari 2008, baada ya serikali ya Pakistan kuagiza YouTube ifungwe nchini humo, Pakistan Telecom ilitangaza kwamba anwani 256 za YouTube ziko kwake. Tangazo hilo likavuja hadi nje kupitia PCCW ya Hong Kong. YouTube yenyewe ilikuwa imetangaza fungu la anwani 1,024, lakini ruta ikipata fungu kubwa na dogo hufuata dogo. Kwa saa mbili hivi, watazamaji wa nchi nyingi wakaelekezwa Pakistan. Wala hapakuwa na mdukuzi.

Siku hizi mwenye anwani anaweza kusajili saini ya kidijitali inayotaja mtandao ulioruhusiwa kuzitangaza. Afrika, usajili huo uko AFRINIC. Saini isiyokaguliwa haimzuii yeyote. Hivyo maafisa wa TEHAMA, kabla ya kutia sahihi mkataba wa intaneti ya hospitali, mwulizeni mtoa huduma kama hukataa matangazo yasiyolingana na saini. Ruta zetu za ndani zinazotumia OSPF nazo ziwekewe nenosiri. Bila hilo, kompyuta iliyochomekwa ofisini yaweza kujifanya ruta.