Mtoto Akidhulumiwa na Mtumishi wa Kanisa: Kesi Haiishi kwa Wazee



Somo la toleo hili ni zito, na wengine watasema halifai kusomwa mbele ya watu. Lakini tumeombwa tuliandike, na kila mara aliyetuomba ni mama aliyengoja mkutano uishe ndipo atuvute pembeni. Kwa hivyo lisomeni pamoja, polepole, watoto wakiwa nje wanacheza.

Mama mmoja alitujia na binti yake wa miaka 13. Mtoto alikuwa amemweleza mambo aliyofanyiwa na mtumishi wa Kanisa aliyekuwa akiwafundisha kipaimara. Mama alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: akamwosha mtoto, akafua nguo zake, akaenda kwa wazee wa kanisa. Wazee wakakaa. Mbuzi mmoja, karo ya muhula mmoja, watu wakapeana mikono, na yule mtu akahamishiwa kituo kingine. Alipotufikia ilikuwa wiki ya tatu, na mtoto hakuwa ameona daktari hata siku moja.

Hatumlaumu mama huyo. Hakuna aliyekuwa amemwambia la kufanya, nasi tunaofanya kazi hii katika Kanisa lilo hilo tulikuwa tumenyamaza pia.

Basi tuanze na saa 72. Mtoto akisema amenajisiwa, mpelekeni hospitali kwanza, siku hiyo hiyo. Kuna dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ambayo lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kadiri inavyoanzwa mapema ndivyo inavyosaidia zaidi. Kuna pia dawa ya kuzuia mimba. Msimwogeshe kwanza. Nguo alizovaa msizifue. Ziwekeni ndani ya mfuko wa karatasi, kwa maana ndani ya plastiki zinaoza na ushahidi unapotea. Hospitalini daktari atajaza fomu ya matibabu ya aliyenajisiwa. Kisha polisi, kwenye dawati la jinsia kama lipo, mwandikishe habari katika kitabu cha OB na mpewe namba. Hiyo namba iandikeni mahali pawili. Polisi watawapa fomu ya P3 ijazwe na daktari. Mkiwa mbali na kituo au mmeshikwa na woga, pigeni simu 116, ni bure, usiku na mchana.

Je, kama saa 72 zimepita? Nendeni tu. Yule binti wetu alitibiwa baada ya wiki tatu, na habari zake ziliandikwa.

Sasa sheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haimtengi padre, mchungaji wala katekista. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Mtoto akiwa kati ya miaka 12 na 15, kifungo ni miaka 20 au zaidi. Wa miaka 16 hadi 18, miaka 15 au zaidi. Mtoto hawezi kusemwa "alikubali" ati kwa sababu alipokea zawadi au alirudi tena kwa yule mtu.

Wengi huuliza: nani aliona? Kwa kawaida hakuna aliyeona. Mambo haya hayafanywi sokoni. Sheria ya Ushahidi inamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, mradi aridhike kwamba mtoto anasema kweli na aandike sababu zake. Naye mshtakiwa anayo haki ya kusikizwa. Kwa hivyo hakuna kumpiga mtu wala kumchomea nyumba. Hilo huharibu kesi na laweza kumwumiza asiye na hatia.

Na mbuzi je? Mbuzi hafungi kesi. Chifu hawezi kuifunga, wazee hawawezi, hata mzazi hawezi. Ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anayeamua kama itaachwa. Polisi nao wakikalia jambo wanaweza kushtakiwa: mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana ambao malalamiko yao hayakuchunguzwa inavyopasa.

Kuhusu kuhamisha mtu, tujifunze kutoka Boston, Marekani. Mwaka 2002 gazeti la huko lilionyesha jinsi padre aliyejulikana kudhulumu watoto alivyohamishwa parokia hadi parokia kwa miaka mingi, na kila alikokwenda aliwakuta watoto wengine. Kardinali alijiuzulu Desemba mwaka huo. Mwaka 2003 jimbo likakubali kulipa dola milioni 85 kwa zaidi ya watu 500. Msidhani ni mambo ya Wazungu tu. Hapa kwetu askofu mmoja alistaafu mwaka 2009 bila waamini kuambiwa sababu yenyewe. Mwaka 2011 shirika lake la wamisionari ndilo lililokiri kwamba alizuiwa kutoa huduma kwa sababu ya madai ya namna hii.

Fidia pia inaweza kudaiwa, nayo ni kesi tofauti na ile ya jinai. Mwaka 2015 Mahakama Kuu Nairobi iliamuru wasichana wawili walionajisiwa na mwalimu walipwe, mmoja shilingi milioni 2 na mwenzake milioni 3, na ikasema mwajiri wa mwalimu anawajibika pia. Mwalimu si padre, lakini wakili anaweza kuuliza swali lile lile: aliyempa mtu huyu kazi alijua nini, na alifanya nini? Madai ya fidia yana muda wake, mara nyingi miaka 3 tu, na kwa watoto hesabu ni ngumu kidogo. Mwoneni wakili mapema. FIDA huwasaidia akina mama na watoto wasio na pesa.

Kesi ya jinai ya unajisi haiishi muda. Kwa hivyo mtu mzima aliyedhulumiwa zamani akiwa mtumishi wa altare bado anaweza kwenda polisi.

Kanisa nalo lina njia yake. Tangu mwaka 2019 sheria ya Papa Fransisko inawalazimu mapadre na watawa kumjulisha askofu au mkuu wao wanaposikia habari kama hizi, na anayetoa habari hawezi kuamriwa kunyamaza. Andikeni barua, mbaki na nakala. Lakini barua kwa askofu haichukui nafasi ya polisi. Fanyeni yote mawili.

Maswali ya kujadili:

Katika kijiji chetu, mtoto akitaka kusema jambo hili, atamwambia nani?

Je, kikundi kinaweza kutenga nauli ya hospitali kutoka mchango wa mzunguko, na nani ataishika?

Nani kati yetu atakubali kuandamana na mama mpaka kituoni, hata kama anayetajwa ni padre wetu tunayempenda?