Kumngoja Mungu Ukiwa Kariakoo: Vidokezo kwa Mwenye Hofu

Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuua zaidi ya watu 20. Chini ya kifusi walikuwamo waliozungumza na waokoaji hadi wakatolewa hai. Tangu siku ile wapo wanaotazama dari kabla ya kupanga bidhaa. Kama ni wewe, haya ni yako.

1. Mtajie Mungu hofu yenyewe. Kodi ya fremu ya miezi sita, mzigo uliokwama bandarini, mtoto anayekohoa usiku. Ayubu, anayeheshimiwa msikitini na kanisani, alimlilia Mola wake waziwazi, na bado tunamwita mtu wa subira.

2. Fanya ya kwako leo. Hapa ndipo wengi tunapokwama, tukidhani anayemtegemea Mungu hapaswi kuuliza maswali. Uliza! Ukuta una ufa mpya? Upige picha, umpelekee mwenye jengo, kisha upite ofisi ya serikali ya mtaa. Mafundi wanachimba chini huku maduka yako wazi juu? Toka, na uwatoe vijana wako. Mauzo ya siku moja yatafidiwa. Ukishafanya hivyo, sala ya jioni unaisali ukiwa mwepesi, kwa sababu unamkabidhi Mungu yale tu yaliyokushinda.

3. Usikimbilie mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa. Hofu hupenda haraka. Lala kwanza, kesho uzungumze na wenzako wa kikoba.

4. Jitafutie dakika kumi za ukimya. Adhuhuri ikiadhiniwa Msikiti wa Mtoro, mwambie jirani wa fremu, "Niangalizie hapa," umwachie na simu. Mkristo anayeshuka Posta ana Azania Front na Mtakatifu Yosefu, yote mawili karibu na bahari. Ukikosa maneno, kaa tu.

5. Kaa na waliopita kwenye hofu kama yako. Soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na wapo waliopoteza mtaji wote. Mtafute mmoja wakati wa chai, kabla wateja hawajajaa. Muulize aliomba nini usiku ule, na kesho yake alianza na nini. Msikilize mpaka mwisho, hata akirudia. Imani ya mtu aliyeanza upya na meza moja ina uzito ambao mahubiri ya redioni hayana.

6. Usingizi ukigoma wiki nzima, moyo ukienda mbio bila sababu, nenda hospitali. Muhimbili wana huduma za afya ya akili, na daktari naye ni msaada wa Mungu. Kama unaogopa kwenda peke yako, mwombe dada yako, shekhe au mchungaji akusindikize, na mtoke mapema kabla foleni ya magari haijafunga.