SOMO LA WIKI: Shinyanga hadi Geita kwa Ndege ni Dakika Ngapi?

Mnunuzi wa dhahabu aliye Shinyanga, anayetaka kufika soko la madini la Geita na kurudi kabla mtaji wake haujalala, huanza na swali hilo. Jibu la kwenye karatasi ni jepesi, lakini wapo wanaolilipia ghali.

Kutoka uwanja wa Ibadakuli, Shinyanga, hadi Uwanja wa Ndege wa Geita, mstari ulionyooka ni kama kilomita 220. Marubani huuita umbali huo maili 120, lakini hizo ni maili za baharini, kila moja kilomita 1.852. Anayezichukua kama maili za barabarani hupata kilomita 193, na hesabu inaharibika mapema.

Muda hupatikana kwa kugawa umbali kwa mwendo. Ndege ndogo kama Cessna Caravan, kwa kilomita 300 kwa saa, hutumia dakika 44. Ndege kubwa ya pangaboi kama Dash 8-400, ikikadiriwa kilomita 550 kwa saa, hutumia dakika 24. Ziongezwe dakika 15 za kuzunguka uwanjani, kupaa na kujipanga kutua: ya kwanza inafika dakika 59, ya pili 39. Mwendo umekaribia maradufu, muda umepungua kwa theluthi moja tu.

Sasa jina. Uwanja wa Ndege wa Geita uko Chato, si Geita mjini. Abiria anayetoka Shinyanga huupita mji anaouendea, kisha hurudi mashariki kwa gari. Kwa mstari ulionyooka tu, kutoka uwanjani hadi Geita mjini ni zaidi ya kilomita 60, na barabara hainyooki hivyo.

Ratiba nayo ina neno lake. Asiyepata ndege ya moja kwa moja na akaamua kuunganisha Dar es Salaam, huruka kilomita 730 kwenda pwani na 950 kurudi Ziwa, jumla 1,680, ili avuke 220. Anayekodi ndege aulize mapema kama saa za ndege kurudi tupu zimo kwenye bei.

Barabara imebadilika. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, lilifunguliwa Juni 19, 2025. Gari linalotoka Shinyanga hukata kushoto Usagara kabla ya Mwanza mjini, likavuka bila kusubiri kivuko. Foleni ya kivuko ndiyo iliyokuwa ikiwashawishi wengi kutafuta ndege.

Kwa mwenye dhahabu, saa zina bei. Bei ya London hupangwa mara mbili kila siku ya kazi, saa 7:30 mchana na saa 12:00 jioni kwa saa za Tanzania. Uingereza inaposogeza saa zake kwa majira ya joto, huwa saa moja mapema. Wakia moja ni gramu 31.1. Aliyebeba gramu 500 ana wakia 16 hivi; bei ikishuka dola 10 kwa wakia wakati yuko njiani, amepoteza dola 160. Kiasi hicho kilinganishwe na tofauti ya nauli ya ndege na ya gari, muda ukihesabiwa kuanzia mlangoni Shinyanga hadi kwenye mizani ya soko la Geita.