Kabla Hujafuta Picha

Jirani yangu alifuta picha zote za harusi ya mdogo wake ili kompyuta yake iwe nyepesi. Alikuwa ameambiwa "memori imejaa", akaelewa kama wengi wetu tunavyoelewa: vitu vimejaa humo ndani, vitolewe. Alikaa jioni nzima akifuta. Kesho yake kompyuta ikachukua dakika zilezile sita kuwaka, na kivinjari kikaganda palepale kilipozoea kuganda.

Kosa halikuwa lake. Neno moja limebebeshwa vitu viwili. Muuzaji akikwambia mashine ina GB 500, anazungumzia diski, mahali picha, barua na nyimbo zinapokaa hata umeme ukikatika. Akitaja GB 4 au GB 8, hiyo ni RAM, nayo haihifadhi kitu: ukizima, inabaki tupu. Mfikirie fundi cherehani. Kabati la vitambaa ni diski, na meza anayokatia ni RAM. Hata akitoa majora kumi kabatini, meza haiongezeki upana.

Meza ikijaa, kazi haisimami. Kompyuta huchukua kile ambacho hakijaguswa kwa muda, ikakirudisha kabatini, na ukikihitaji inakwenda kukitoa tena. Uzito unazaliwa hapo. RAM hujibu kwa kama nanosekunde 100. Diski ya zamani, yenye sahani inayozunguka na mkono wa kusomea, huhitaji kama milisekunde 10 kuifikia data, yaani mara 100,000 zaidi. Tuseme kunyoosha mkono mezani ni sekunde moja: kwa kipimo hicho, kwenda kabatini kunamaliza zaidi ya siku nzima. Diski ya SSD, isiyo na kinachozunguka, ingechukua kama robo saa. Taa ile inayopepesa bila kupumzika unapotoka Word kwenda kwenye kivinjari ndizo safari hizo.

Kwa hiyo usikisie, tazama. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ifunguke Task Manager. Kama dirisha lake ni dogo, bofya "More details". Utaona safu za CPU (prosesa), Memory na Disk, kila moja na asilimia yake. Fungua vitu unavyotumia kila siku, subiri dakika chache, kisha soma. Kwenye Mac tafuta Activity Monitor, ukurasa wa Memory, ambako mchoro wa kijani, njano au nyekundu unaonyesha namna RAM inavyobanwa.

Namba hizo zinawatisha watu bure. RAM kutumika kwa asilimia 60 au 70 si ugonjwa. Windows hutumia nafasi iliyo wazi kuweka karibu mafaili unayoyahitaji mara kwa mara, na programu ikihitaji nafasi hiyo huachiwa papo hapo. Dalili mbaya ni Memory kupita 90 huku Disk nayo ikigonga 100. Kama Memory iko nusu na Disk inabaki 100 kutwa, shaka iende kwenye diski yenyewe, au kwenye masasisho yanayoendelea kimyakimya. CPU ikiwa juu wakati hufanyi chochote, chunguza virusi, na usisahau vumbi kwenye feni: prosesa ikipata joto hupunguza kasi yake yenyewe.

Hii ndiyo sababu sizipendi zile programu zinazoahidi "kusafisha RAM". Nyingi husukuma tu vilivyo mezani kwenda kabatini, namba ikashuka ukafurahi, halafu kila ukigusa kitu kinarudishwa polepole. Isitoshe, zenyewe zinakaa mezani.

Anza na yasiyo na gharama. Chagua "Restart", si "Shut down". Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho uwake haraka, kwa hiyo mashine unayoizima kila usiku inaweza kuwa haijaanza upya kwa wiki kadhaa. Kufunga kifuniko tu ndiyo kabisa: huilaza usingizi.

Kisha nenda kwenye kivinjari, maana kwa kompyuta nyingi za nyumbani ndicho mlaji mkuu. Karibu kila ukurasa unaouacha wazi huendeshwa kama programu ndogo inayojitegemea. Hivyo kurasa nyingine husalimika pale mmoja unapoanguka, lakini kila mmoja unadai kipande chake cha meza. Kurasa 25 za "nitasoma baadaye" kwenye mashine ya GB 4 zinatosha kuiangusha. Zihifadhi kama alamisho uzifunge, ondoa viongezo usivyovitumia, na kwenye Chrome washa Memory Saver, inayozilaza kurasa ulizoziacha.

Rudi Task Manager, kwenye ukurasa wa programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, uzizuie zisizo na haraka. Kuzizuia si kuzifuta, utazifungua mwenyewe ukizitaka. Ukikuta programu mbili za kuzuia virusi, toa moja. Ila jina usilolijua usilizime kwa nguvu, kwani huenda ni kiungo cha mfumo.

Kufuta mafaili kunasaidia katika hali moja: diski C ikiwa karibu kujaa kabisa. Faili la kuhamishia vitu vya mezani RAM ikijaa hukaa humo, nalo hukosa pa kupumulia. Hata hapo, anza na video na programu zilizopakuliwa. Picha zihamishie kwenye diski ya nje.

Fedha zikihitajika, ujue unanunua nini. "Kupiga windo" upya kwenye mashine ya GB 4 hakuongezi meza: wiki mbili hivi ni raha, kisha uzito unarudi. Katika Task Manager, ukurasa wa Performance, bofya Memory usome "Slots used": 1 of 2 maana yake kuna nafasi ya kadi nyingine. Jua pia aina. DDR3 haiingii penye DDR4, pengo la chini limekatwa mahali tofauti ili usilazimishe. Kompyuta mpakato nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao na haiongezeki, jambo la kuuliza kabla ya kununua ya mtumba. Kama mashine yako ingali na diski ya kuzunguka na una fedha ya kitu kimoja tu, mimi ningeanza na SSD, kisha RAM ifike GB 8 mfuko ukiruhusu. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Kwa hizo, mfumo wa Linux Mint, toleo la Xfce, unaishi vizuri na GB 4.

Mashine ya jirani ilikuwa na GB 4 na diski ya kuzunguka. Kabla ya kugusa lolote tulihangaikia picha. Alikuwa ameshamwaga pipa la taka, lakini kwenye diski ya aina hiyo faili lililofutwa hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, ilhali kwenye SSD mara nyingi husafishwa mapema. Tuliizima mara moja, tukaitoa diski, tukaichomeka kwenye kompyuta nyingine yenye programu ya kurejesha mafaili, na vilivyopatikana tukavihifadhi huko, si kwenye diski ileile. Nyingi zilirudi. Za mkesha hazikupatikana.